Vigogo Watatu na Timu za Nchi ya Madini: Uchambuzi wa Mtoano wa Kombe la Shirikisho

Katika mashindano yote ya kandanda yanayochezwa Tanzania Bara, hakuna yanayosifiwa kwa insafu kama Kombe la Shirikisho, na sifa hiyo imejengwa juu ya kanuni moja isiyohitaji maelezo marefu: timu mbili hukutana mara moja tu, moja hutoka na nyingine husalia, na zikitoshana nguvu hupigiana mikwaju ya penalti mpaka mshindi ajulikane. Ligi, husema watu wa Samuye kama wasemavyo watu wa kila kata ya Wilaya ya Shinyanga, ni ya wenye mali, kwa kuwa mechi thelathini hazimwachi maskini pasipo kumfichua. Bali mtoano ni wa kila mja, maana katika dakika tisini yeyote aweza kumshinda yeyote. Hoja hiyo ni tamu, na ina ukweli ndani yake. Lakini mtu akichukua daftari na kuandika majina ya mabingwa tangu kombe lilipofufuliwa katika msimu wa 2015/16, baada ya kulala kwa zaidi ya miaka kumi, atakuta habari nyingine: fainali kumi zilizochezwa kuanzia 2016 mpaka 2025 zimetoa Yanga mara tano, Simba mara tatu, Azam mara moja, na nje ya Dar es Salaam hakuna aliyelitwaa isipokuwa Mtibwa Sugar ya Turiani, mwaka 2018.

Ilikuwaje basi, mashindano yaliyoundwa kumpa mnyonge nafasi yakawapa wenye nguvu makombe tisa katika kumi? Wako wanaojibu kwa haraka kwamba waamuzi hupendelea, na wako wanaojibu kwa haraka zaidi kwamba timu za mikoani hazina mpira. Majibu yote mawili yana upungufu mmoja: hayaelezi kwa nini vigogo hao huanguka mara kwa mara. Simba, wakiwa ndio mabingwa watetezi, walitolewa Desemba 2017 kwa mikwaju ya penalti na Green Warriors, timu ya Daraja la Pili, pale Chamazi. Na mwaka mmoja baadaye, Desemba 2018, walifungwa mabao matatu kwa mawili na Mashujaa ya Kigoma, timu ya Daraja la Kwanza, katika Uwanja wa Taifa wenyewe. Yanga waliangushwa na Mbao mwaka 2017, na Singida United mwaka 2018, na Lipuli mwaka 2019, miaka mitatu mfululizo. Kigogo, basi, huanguka, tena si kwa nadra. Fumbo lenyewe ni kwamba huanguka, na kombe likabaki kwao.

Ufumbuzi umo katika hesabu, wala si hesabu ngumu. Tufanye kwamba kigogo mmoja hushinda mechi tatu katika kila nne akikutana na timu ya kawaida, na kwamba imempasa kuvuka vikwazo vinne. Uwezekano wake wa kuvivuka vyote ni 81 katika 256, yaani chini ya theluthi. Maana yake ni kwamba aghalabu ataanguka njiani, na siku atakapoanguka magazeti yataandika kwamba dunia imepinduka, ilhali hakuna kilichopinduka. Lakini vigogo ni watatu. Ili kombe litoke mikononi mwao haitoshi mmoja aanguke. Yapasa waanguke wote, kila mmoja kwa mkono wa mtu mwingine, katika msimu ule ule. Na uwezekano wa hao watatu kuanguka pamoja, kwa mizani hiyo hiyo na bila ya kuwakutanisha wao kwa wao, unarudi kuwa chini ya theluthi. Nasi tuliwapa nguvu ndogo kuliko waliyo nayo. Tazama upande wa pili: timu ndogo iliyo na nafasi moja katika nne dhidi ya kigogo, ikilazimika kuwatoa wawili, nafasi yake ni moja katika kumi na sita. Kwa hiyo mtoano humpa mnyonge siku yake, naam, lakini humwambia papo hapo kwamba siku moja haitoshi.

Na historia ya kombe imeifuata hesabu hiyo hatua kwa hatua. Mbao ya Mwanza iliwatoa Yanga katika nusu fainali ya Aprili 2017 pale Kirumba, kwa bao moja kwa sifuri, ikaenda Dodoma na kumkuta Simba anangoja. Wakatoshana bao moja kwa moja mpaka mwisho wa muda wa nyongeza ulipokaribia, ndipo Simba wakapata penalti iliyofungwa na Shiza Kichuya, na Mbao wakarudi ziwani mikono mitupu. Lipuli ya Iringa iliwafunga Yanga mabao mawili katika nusu fainali ya 2019, ikaenda Lindi na kumkuta Azam. Coastal Union iliitoa Azam kwa penalti mwaka 2022, ikawakuta Yanga katika fainali ya Arusha, ikafunga mabao matatu, yote ya kijana mmoja, Abdul Suleiman aitwaye Sopu, ikatoka sare ya tatu kwa tatu na kushindwa kwa mikwaju. Singida Black Stars waliwatoa Simba mwaka 2025 kwa mabao matatu kwa moja pale Babati, wakaenda Unguja na kuwakuta Yanga. Kila mmoja wa hawa alimwangusha kigogo mmoja, na kila mmoja alimkuta mwingine amesimama nyuma yake.

Ule mwaka mmoja wa Mtibwa ndio burhani ya mwisho. Msimu wa 2017/18 Simba walikwisha kutolewa na Green Warriors kabla ya mwaka mpya. Yanga walitolewa na Singida United katika robo fainali. Na Azam, katika robo fainali hiyo hiyo, walitolewa kwa penalti na Mtibwa wenyewe. Nusu fainali ikapigwa bila ya kigogo hata mmoja, jambo ambalo halikupata kutokea katika misimu mingine yote tuliyoitaja, na ndipo kombe likaenda kwenye mashamba ya miwa: Mtibwa 3, Singida 2, mjini Arusha. Hapakuwa na muujiza. Ila maanguko matatu yalitokea kwa pamoja.

Katika nusu fainali hizo mbili zisizo na kigogo, moja ilichezwa Shinyanga. Hapo ndipo mimi, mtu wa huku, ninaposita kila ninapoupitia mwaka ule. Stand United, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, ambayo mashabiki wake huiita Chama la Wana, ilikuwa imefika katika timu nne za mwisho, ikapata kuwa mwenyeji katika Uwanja wa CCM Kambarage, na mbele yake hapakuwa na Simba wala Yanga wala Azam. Njia nyeupe kama ile haijaonekana tena. Mtibwa wakaja, wakafunga mawili, Stand hawakufunga. Hapo hapana wa kulaumiwa: hakukuwa na safari ndefu, wala uwanja wa ugenini, wala kigogo, palikuwa na timu iliyocheza vyema kuliko nyingine. Mtu anayetaka kuandika juu ya dhuluma wanazofanyiwa wanyonge sharti aanze kwa kukiri mechi ile, au hoja zake zitakuwa na taksiri.

Hata hivyo mechi ile si hadithi nzima ya nchi hii ya almasi na dhahabu katika mtoano. Miaka miwili kabla yake, Aprili 2016, Mwadui FC, timu ya mgodi ambao Mkanada John Williamson aliugundua mwaka 1940, iliwakaribisha Azam katika nusu fainali ya kombe lililofufuka, kwenye uwanja wake wenyewe ndani ya Mwadui, ikatoka nao mabao mawili kwa mawili, ikatolewa kwa penalti. Mei 2021 Mwadui hiyo hiyo, ikiwa katika msimu uliomalizika kwa kuteremshwa kutoka Ligi Kuu, iliwakaribisha Yanga Kambarage katika robo fainali na kufungwa mbili bila. Kisha ikaja zamu ya Geita Gold: Aprili 2022 walikwenda Dar es Salaam kwa robo fainali na Yanga, wakatoka sare ya bao moja, na mikwaju ikaendelea hadi saba kwa sita kabla Yanga hawajapumua, Aprili 2023 wakarudi tena Dar es Salaam, robo fainali tena, Yanga tena, wakafungwa bao moja. Na Aprili 2025 Stand United, wakiwa wamekwisha shuka daraja, walikwenda Dar es Salaam kucheza robo fainali na Yanga hao hao, wakafungwa nane kwa moja.

Ukiyapanga matokeo hayo kwa mahali yalipochezwa, hupati kanuni rahisi isemayo kwamba nyumbani hushinda na ugenini hushindwa. Mwadui walitolewa kwao, Stand walitolewa kwao, na Geita ndio waliowatia Yanga hofu kubwa kuliko wote, tena wakiwa ugenini. Lakini uyatazame ya nchi nzima na jambo litajitokeza. Mbao waliowatoa Yanga walikuwa Kirumba, kwao. Lipuli waliwatoa Yanga wakiwa Samora, kwao. Singida United waliwatoa Yanga wakiwa Namfua, kwao. Mashujaa walipowatoa Simba mara ya pili, Aprili 2024, kwa mikwaju sita kwa mitano, walikuwa Kigoma, kwao. Waliowatoa Simba Dar es Salaam, yaani Green Warriors na Mashujaa wa 2018, walishinda katika hatua za awali, wakati kigogo huwapumzisha wachezaji wake bora na kuiweka akili yake mahali pengine.

Juu ya akili kuwa mahali pengine, kalenda inasema zaidi kuliko mchambuzi yeyote. Tarehe 23 Desemba 2018 Simba waliwafunga Nkana ya Zambia na kufuzu makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika; tarehe 26, siku tatu tu baadaye, ndipo Mashujaa walipowafunga. Tarehe 5 Aprili 2024 Simba walikuwa Cairo wakitolewa na Al Ahly katika robo fainali ya Afrika. Tarehe 9 walikuwa Kigoma wakitolewa na Mashujaa hao hao. Sisemi kwamba Mashujaa hawakustahili, kwani timu haistahili kuulizwa mpinzani wake alilala wapi juzi. Nasema kwamba mafanikio ya vigogo katika bara zima yamekuwa auni kwa wadogo wa nyumbani, na kwamba kadiri Simba na Yanga wanavyokwenda mbali Afrika, ndivyo mlango wa hatua za mwanzo za mtoano unavyofunguka nyumbani.

Basi tuingie katika jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini, nalo ni uwenyeji. Katika miaka ya kwanza ya kombe jipya, kura ndiyo iliyoamua nani awe mwenyeji hata katika nusu fainali. Ndiyo maana Mwadui ndogo iliona nusu fainali, na Shinyanga ikaiona, na Singida na Iringa pia. Tangu 2021 desturi imegeuka, nusu fainali nyingi zikapelekwa katika viwanja visivyo vya timu zinazocheza: Songea na Tabora mwaka 2021, Mwanza na Arusha mwaka uliofuata, na kuendelea. Fainali nayo, baada ya ile ya 2016 iliyochezwa Dar es Salaam, imezungushwa Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Arusha tena, Tanga, na Unguja mara mbili. Shirikisho linastahili sifa kwa hilo: watu wa Sumbawanga waliwaona Simba na Namungo mwaka 2020, na watu wa Kigoma waliwaona Simba na Yanga wenyewe mwaka 2021, na bao la Taddeo Lwanga siku ile wanalo kama sehemu ya historia ya mji wao. Lakini kuupelekea mji tamasha la wageni wawili ni jambo moja, na kuipa timu ya mji ule haki ya kumpokea kigogo mlangoni mwake ni jambo jingine. La kwanza ni ukarimu. La pili ndilo lililowatoa Yanga mara tatu.

Fauka ya hayo, kuna faida ambayo haiandikwi katika matokeo. Timu ya mkoani isiyo na mfadhili mkubwa huishi kwa mapato ya mlangoni, na mlango wenyewe haujazi ila siku wanapokuja wale wenye mashabiki kila kijiji. Siku kigogo anapofika Kambarage, watu hutoka Samuye, Tinde, Kahama, Maganzo na Kishapu, na wengine hawaji kuishangilia timu ya mkoa wao hata kidogo, kwani nusu ya Shinyanga ni Simba na nusu ni Yanga. Lakini shilingi ya shabiki wa Yanga ina thamani sawa na shilingi ya Chama la Wana. Wasukuma wanalijua hili tangu zamani katika ngoma zao za baada ya mavuno, ambapo Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja na mshindi akawa ni yule aliyevuta umati mkubwa; ila kule aliyeshindwa hubakia uwanjani na kesho hucheza tena. Mtoano hauna huruma hiyo, na ndiyo sababu siku moja ya uwenyeji ina uzito kiasi hiki.

Pengine msomaji atauliza: nchi yenye dhahabu na almasi yawezaje kulilia mapato ya mlangoni? Swali ni la haki, na jibu lake si la kujivunia. Fedha ya migodi ilikuja katika mpira wa huku, ikaenda, ikarudi. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Buzwagi na Bulyanhulu, iliidhamini Stand United mwaka 2015, na mwaka uliofuata udhamini ule ukakatika katikati ya ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe juu ya nani mwenye timu. Mwadui imeishi kwa kivuli cha mgodi wake na kushuka nacho. Geita, iliyo mali ya Halmashauri na kusaidiwa na mgodi wa GGM, ndiyo iliyofika mbali kuliko wote: msimu wa 2021/22 ilishika nafasi ya nne katika Ligi Kuu, mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, ikaiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika, kisha mwaka 2024 ikashuka daraja. Na Geita hiyo hiyo ina ukurasa wa aibu wa mwaka 2016, ilipomaliza kundi la Daraja la Kwanza kwa ushindi wa mabao manane bila, siku ambayo Polisi Tabora nao walishinda saba bila, na Shirikisho likaziadhibu timu zote nne zilizohusika kwa upangaji wa matokeo. Nafasi ya kupanda ikaangukia Mbao. Ndio Mbao hao hao ambao mwaka mmoja baadaye walikuwa Dodoma katika fainali.

Yafaa pia kutaja kwamba kombe hili lina thawabu ambayo si kikombe. Bingwa hupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na bingwa akiwa ndiye pia bingwa wa ligi, tiketi humshukia mwingine. Namungo ya Ruangwa, iliyofungwa na Simba mjini Sumbawanga, iliipata kwa njia hiyo na kufika hatua ya makundi ya Afrika msimu wa 2020/21. Lakini mwaka 2022 Coastal waliofungwa katika fainali hawakwenda. Ilikwenda Geita kwa nafasi yake ya nne katika ligi. Kwa timu ya mkoani, kwa hiyo, thamani ya kufika fainali hubadilika msimu hata msimu, na si vyema kanuni ya mashindano ya taifa ikawa kitu cha kubahatisha.

Wafaransa wana kanuni ninayoipenda. Katika kombe lao, timu ikipangwa ugenini na mpinzani aliye juu yake kwa madaraja mawili au zaidi, uwenyeji hugeuzwa ukapewa mdogo. Mwaka 2000 Calais, timu ya ridhaa ya daraja la nne, ilifika fainali ya kombe lile na kufungwa na Nantes mawili kwa moja, kwa penalti ya dakika za mwisho, kama Mbao. Kanuni ile haikumpa Calais kikombe, wala haikuahidi kumpa. Inachofanya ni kumpeleka mkubwa kwa mdogo, na mdogo akapata siku yake na mapato yake.

Kwetu kanuni hiyo ingepaswa kupunguzwa kidogo, kwani tofauti ya daraja moja baina ya Ligi Kuu na ile ya chini yake ni kubwa kuliko madaraja mawili ya Ufaransa. Anayeshuka huku hupoteza wachezaji na wafadhili kwa msimu mmoja. Wapinzani wa pendekezo hili wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni viwanja: majani, taa, vyumba, na mahali pa kamera za matangazo, ambavyo mdhamini anayelipia haki za kuonyesha ana haki ya kuvitaka. Ya pili ni usalama, na ushahidi wake tunao, kwani nusu fainali ya Coastal na Yanga pale Mkwakwani mwaka 2016 haikumalizika kwa ajili ya fujo. La kwanza linatibika kwa kumtaka mdogo acheze katika uwanja uliokaguliwa ulio karibu naye kuliko wote, na Kambarage imekwisha kupokea Ligi Kuu kwa miaka mingi. La pili ni kazi ya polisi na ya Shirikisho, wala si sababu ya kumnyima mtu uwenyeji kwa kosa la jirani.

Ingalikuwapo kanuni hiyo kwa daraja moja, Geita wasingalifaidika mwaka 2022 wala 2023, maana walikuwa Ligi Kuu sawa na Yanga. Stand wangalifaidika Aprili 2025: Yanga wangalikuja Shinyanga, na watu wa Samuye wangaliiona mechi ile kwa macho yao badala ya kuitazama katika banda umiza. Matokeo huenda yangalikuwa manane kwa moja vile vile.